Hisabati Ilikukataa, Kompyuta Haijakukataa

Mzazi akisikia kompyuta, husikia Hisabati. Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, kuna vijana wanaoitazama ile D au F ya somo hilo na papo hapo kuifuta kompyuta katika mambo waliyokuwa wakiyatamani. Hakuna aliyewakataza. Wamejikataza wenyewe, kwa kuwa tangu shule ya msingi wameambiwa kompyuta ni ya wenye vichwa vya hesabu. Na kwa kuwa Hisabati ndilo somo ambalo kwa miaka mingi limewaangusha watahiniwa wengi mno Tanzania, imani hii inawazuia vijana wengi mlangoni hata kabla hawajabisha hodi. Mimi naipinga. Njia bora ya kuipinga ni kueleza kazi zenyewe zinavyofanyika, asubuhi hadi jioni, ili msomaji apime mwenyewe.

Imani hiyo haikutoka hewani. Kompyuta za mwanzo zilijengwa kwa ajili ya kupiga hesabu: ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikusudiwa kukokotoa majedwali ya kulengea mizinga. Katika vyuo vikuu vingi duniani somo la kompyuta lilikulia ndani ya idara za hisabati, na hadi leo shahada ya sayansi ya kompyuta hubeba kalkulasi, aljebra na takwimu. Ila kuisoma sayansi ya kompyuta ni jambo moja, na kufanya kazi katika sekta ya kompyuta ni jambo jingine. Benki, hospitali, halmashauri, kampuni ya simu, shule na ghala la dawa vyote vinaendeshwa kwa mifumo. Mifumo hiyo lazima mtu aifunge, ailinde, aijaribu, aitengeneze ikigoma, na awaeleze wengine namna ya kuitumia. Wengi wanaolipwa mshahara kwa kazi hizo hawajakutana na kalkulasi tangu watoke darasani, na wengine hawajakutana nayo kabisa.

Niwe mkweli kwanza kuhusu milango ambayo hesabu zinaifunga. Ukitaka kubuni akili mnemba yenyewe, si kuitumia tu, utahitaji aljebra, uwezekano na takwimu, na utazihitaji kila siku. Ukitaka kutengeneza injini ya michezo inayochora vitu katika pande tatu, utakutana na vekta na matriki. Anayebuni mbinu mpya za kuficha siri za mawasiliano ni mwanahisabati hasa. Mchambuzi wa data asiyejua takwimu atawadanganya mabosi wake bila kujua. Usidanganyike na tangazo la kozi ya wiki sita linaloahidi kukufanya mtaalamu wa mambo hayo bila hesabu. Lakini hayo ni matawi machache ya mti mkubwa.

Sasa tuingie katika kazi. Nitakaa zaidi kwenye ile ambayo vijana wengi huidharau, nayo ni dawati la msaada.

Chukua hospitali ya wilaya, Jumatatu asubuhi. Foleni ya wagonjwa imefika nje, karani wa mapokezi hawezi kufungua faili la mgonjwa, na kila mtu anasema "mfumo umegoma". Anaitwa mtu wa IT. Swali la kwanza la fundi mzuri ni hili: ni mashine hii peke yake au zote? Kama zote zimegoma, tatizo liko mbele zaidi, kwenye seva au mtandao wa jengo. Kama ni hii moja, tatizo liko hapahapa: kebo, akaunti ya karani, au mashine yenyewe. Swali la pili: mara ya mwisho ilifanya kazi lini? La tatu: nini kimebadilika tangu hapo? Labda Ijumaa mtu alihamisha meza na kebo ikachomoka nusu. Labda nywila ya karani imekwisha muda. Maswali matatu tu yameondoa sehemu kubwa ya mambo yanayowezekana, na hakuna hata namba moja iliyojumlishwa.

Kazi hii inataka utulivu, kumbukumbu, na uwezo wa kusikiliza mtu aliyekasirika bila wewe kukasirika. Inataka adabu pia. Karani mwenye umri wa mama yako, aliyeandika rejista za karatasi maisha yake yote ya kazi, haambiwi "mama, si ubonyeze hapo tu!" Anaamkiwa, anasikilizwa, kisha anaelekezwa mkono wake mwenyewe ukiwa juu ya kipanya, ili kesho aweze bila wewe. Mafundi wenye alama nzuri kuliko zako hushindwa hapa, na ofisi huwa zinajua ni nani watu humwita kwa hiari na ni nani wanamkwepa. Baada ya hapo fundi anaandika alichokikuta na alichokifanya. Fundi anayeandika maelezo yanayoeleweka anawaokolea wenzake saa nyingi, kwa sababu tatizo lililotokea Jumatatu hii litatokea tena, na huenda yeye akawa likizo.

Anayeanzia hapa hukua. Huanza kwa kupiga Windows, kubadilisha printa na kufungua akaunti za wafanyakazi wapya. Akikaa anaanza kusimamia seva, nakala rudufu na usalama wa mtandao wa ofisi. Wasimamizi wengi wa mifumo wamepitia njia hii.

Kazi ya pili ninayotaka msomaji aifikirie kwa uzito ni ya kujaribu programu, ambayo kwenye makampuni huitwa QA. Watu wengi hawajui kama ipo. Kabla programu haijawafikia wateja, lazima mtu aiumize makusudi. Fikiria kutuma pesa kwa simu. Anayejaribu anajiuliza: mtumaji akiandika kiasi kikubwa kuliko salio lake, atajibiwa nini? Salio likitosha kiasi lakini lisitoshe makato, je? Akikosea tarakimu moja ya namba ya mpokeaji, atapewa nafasi ya kuona jina kabla ya kuthibitisha? Mtandao ukikatika baada ya kuweka namba ya siri, pesa itakuwa kwa nani? Akibonyeza mara mbili kwa kuwa simu imechelewa kujibu, itatumwa mara mbili? Akiweka sifuri? Mtu aliyekulia kwenye duka la mtaani, anayejua jinsi wateja wanavyokosea na jinsi matapeli wanavyojaribu bahati, ana mtaji mkubwa katika kazi hii. Hesabu yake ni kujumlisha kiasi na makato. Kilichobaki ni umakini, ubishi wenye adabu, na uwezo wa kuandika hitilafu kwa namna ambayo mtengenezaji ataweza kuirudia: nilifanya hiki, kisha hiki, nikategemea hiki, nikapata hiki.

Nije kwenye mitandao, mahali ambapo namba zipo kweli na watu huziogopa kuliko zinavyostahili. Sehemu kubwa ya kazi ni ya mikono. Kebo ya mtandao ina nyaya 8, na kwa mpangilio unaotumika sana zinapangwa hivi: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Kebo ya shaba haitakiwi kuzidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Unapanda dari, unavuta, unabana, unapima, unaweka lebo. Usipoweka lebo, atakayekuja baada yako atateseka, na mara nyingi atakayekuja ni wewe mwenyewe.

Hesabu inaingia kwenye anwani. Anwani kama 192.168.1.10 ni namba nne, kila moja kati ya 0 na 255. Mtandao wa ofisi ya kawaida una anwani 256. Ya kwanza hutambulisha mtandao wenyewe na ya mwisho hutumika kutangazia vifaa vyote, hivyo zinabaki 254 za kugawa. Ukitaka wageni wanaotumia Wi-Fi wasikae pamoja na kompyuta za wahasibu, unaikata 256 katikati na kupata 128 na 128. Ukitaka vipande vinne, kila kimoja kina 64, navyo vinaanzia 0, 64, 128 na 192. Ukitoa zile mbili za kila kipande, unabaki na vifaa 62. Ngazi nzima ni 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Anayeweza kugawa kwa mbili na kujumlisha ameshaiweza. Vitabu huipamba kwa maneno makubwa hadi mwanafunzi aliyeumizwa na Hisabati anajifunga kabla hajaanza.

Fundi mwashi anapotaka kona ya msingi ikae skwea, hupima futi 3 upande mmoja na 4 upande wa pili, na kamba ya mshazari ikisoma 5 anajua yuko sawa. Huenda aliondoka shule kabla ya kufundishwa Pythagoras, lakini kile kipande cha Pythagoras ambacho kazi yake inakidai anacho, na anacho barabara. Hivyo ndivyo ninavyokushauri uichukue hesabu katika kompyuta. Chagua kazi kwanza, uliza kazi hiyo inadai hesabu gani, kisha ujifunze hiyo, kwa sababu ambayo sasa unaiona kwa macho. Wengi walioshindwa darasani walishindwa kwa kuwa waliruka hatua moja miaka mingi nyuma, labda sehemu au asilimia, na hakuna mwalimu aliyepata nafasi ya kurudi nao katika darasa la wanafunzi themanini. Mtu mzima anaweza kurudi mwenyewe, na hakuna aibu yoyote kukaa na kitabu cha darasa la sita.

Na uandishi wa programu je? Hapo ndipo wengi hudhani mlango umefungwa kwa kufuli. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wakiongozwa na Chantel Prat, walichapisha utafiti wa watu wazima 36 waliojifunza lugha ya Python kwa mara ya kwanza. Walipima mapema uwezo wao wa kujifunza lugha za kigeni, uwezo wa hesabu, kumbukumbu na mambo mengine. Matokeo ya kujifunza yalipotofautiana kati ya mtu na mtu, uwezo wa lugha ulieleza takriban asilimia 17 ya tofauti hiyo, na uwezo wa hesabu ulieleza takriban asilimia 2. Watu 36 ni wachache, na utafiti mmoja haumalizi ubishi. Lakini matokeo hayo hayamshangazi anayeandika programu kila siku. Msimbo wa programu ni maandishi. Una sarufi yake, una mpangilio wake, na unasomwa na watu wengine mara nyingi kuliko unavyoandikwa. Sharti la kawaida kabisa husomeka hivi: kama salio ni dogo kuliko kiasi pamoja na makato, kataa muamala na umweleze mteja sababu. Kijana aliyekuwa bora katika Kiswahili, aliyejua kuchambua sentensi hadi kiambishi cha mwisho, ana silaha ambayo hakuna aliyemwambia kwamba ni silaha.

Kwa anayeingia huku, njia nyepesi ni tovuti: HTML kwa mpangilio wa ukurasa, CSS kwa sura yake, kisha JavaScript. Kisha jifunze SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata maswali, ambayo mhasibu au karani wa stoo huielewa haraka kwa kuwa tayari amezoea kufikiri kwa safu na mistari.

Kuna kazi nyingine nitazipitia kwa haraka, si kwa kuwa ni ndogo. Usanifu wa muonekano wa programu unamtaka mtu anayejua kumtazama mtumiaji bila kumsumbua. Uandishi wa maneno ya ndani ya programu unamtaka mwandishi: ujumbe mfupi wa simu wa kawaida una nafasi ya herufi 160, na ndani yake lazima iingie pesa iliyopokelewa, jina la aliyetuma, salio na namba ya muamala, bila kumchanganya bibi aliye kijijini. Kiswahili chenyewe kina kazi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na mahitaji ya wafasiri na wahariri wa mifumo hayajaisha tangu hapo. Upande wa sheria, Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Taasisi zinahitaji watu wanaoweza kukaa katikati ya wanasheria na mafundi na kueleza taarifa za wateja zinatunzwa wapi, na nani anaziona. Aliyesoma masomo ya sanaa asiipite kazi hiyo kama si yake.

Sasa njia za kuingia. Tanzania, astashahada nyingi za fani hii hudai ufaulu wa masomo manne katika kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini. Vyuo vingine huongeza sharti la Hisabati, vingine haviongezi, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) chuo kwa chuo kabla hujalipa fomu. Ukimaliza stashahada kwa GPA ya 3.0 au zaidi, kwa kawaida unaweza kuomba shahada kwa njia hiyo, ingawa baadhi ya shahada zitauliza Hisabati tena. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, nayo hufundisha, na kituo chake cha Kipawa, Dar es Salaam, ni cha TEHAMA mahususi. Kenya, shahada hudai wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na kozi nyingi za kompyuta huangalia pia alama ya Hisabati, lakini diploma huanzia C- na cheti huanzia D. Anza chini. Hakuna mwajiri mwenye busara anayemdharau aliyepanda ngazi moja baada ya nyingine.

Kama una F na unaota shahada, au ajira ya serikali inayotaja Hisabati, rudia mtihani huo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nasema hivi kwa msisitizo. Kutoka F kwenda D hakuhitaji kipaji. Kunahitaji mada chache zilizoshikwa vizuri na mitihani ya miaka iliyopita iliyofanywa kwa bidii. Usiishi miaka kumi ukizunguka kikwazo ambacho ungeweza kukiondoa ndani ya mwaka mmoja.

Nje ya vyuo kuna vyeti vya sekta. Kwa dawati la msaada, CompTIA A+ yenye mitihani miwili inatambulika sana, na cheti cha Google cha msaada wa IT, kilichoanza 2018 kupitia Coursera, hakidai uzoefu wowote wa awali. Kwa mitandao kuna CCNA ya Cisco, na Chuo cha Mitandao cha Cisco kina baadhi ya kozi za mwanzo za bure. freeCodeCamp hufundisha kuandika programu bila malipo. Ushauri wangu: jifunze kwanza, fanya mazoezi kwa muda, mtihani wa kulipia uje mwisho. Mitihani hiyo hulipiwa kwa bei za kigeni, na ni uchungu kuona familia imeuza mbuzi kwa ajili ya karatasi ambayo mtoto hakuwa tayari kuipata.

Nunua kompyuta chakavu. Ifungue, toa vumbi, toa kumbukumbu yake na uirudishe, piga Windows, ifute, weka Linux, iharibu, itengeneze. Saidia steshenari ya mtaa wako. Pale, kama kwenye cyber za Kenya ambako watu huletwa na marejesho ya kodi na maombi ya vyuo, utakutana na kila aina ya tatizo na kila aina ya mteja. Uwe na daftari. Kila tatizo liandikie tarehe, dalili, ulichojaribu kikashindwa, na kilichofanya kazi. Baada ya miezi sita daftari hilo litazungumza zaidi kwenye usaili kuliko cheti chochote, kwa sababu mwajiri wa fani hii hupenda kuuliza: tueleze tatizo gumu ulilowahi kulitatua.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni ajira zinazotaka ulipe ada ya usajili au ya mafunzo kabla hujaanza. Hizo ni utapeli, hata barua yao ikiwa na nembo nzuri. La pili ni kazi za kuweka alama kwenye picha na maandishi ili kufundisha akili mnemba, au za kuchuja maudhui ya mitandao ya kijamii. Hazihitaji hesabu, na kwa wengine zimekuwa kazi ya kwanza. Lakini baadhi ya waliochuja maudhui jijini Nairobi wamefika mahakamani wakilalamikia malipo na madhara ya kiakili ya kutazama ukatili siku nzima. Soma mkataba wote, uliza utaonyeshwa nini, na usiingie bila mpango wa kutoka.

Kwako uliye tayari kazini, muuguzi, mwalimu, mhasibu, mtunza stoo: usianze kama mtoto wa miaka kumi na nane. Hospitali inapofunga mfumo mpya, inamhitaji mtu anayeijua wodi zaidi ya anayeijua seva. Jitolee kuwa wa kwanza kufundishwa, kisha uwe wa kuwafundisha wenzako, kisha uwe unayewaeleza watengenezaji kwa nini fomu yao haiendani na zamu ya usiku. Ukifika hapo umeshaingia kwenye sekta ya kompyuta, na umeingia ukiwa na kitu ambacho wahandisi wao hawana.

Kuhusu kazi ya kwanza, usigombanie Dar es Salaam na Nairobi peke yake. Shule za bweni, hospitali za misheni, vyama vya ushirika na hoteli za mikoani zina kompyuta nyingi na mafundi wachache, na huko fundi mmoja hugusa kila kitu, jambo ambalo kampuni kubwa haitakuruhusu kwa miaka mingi. Peleka barua kwa mkono, umwone mkuu wa ofisi, uombe kuonyeshwa mashine moja iliyowashinda. Ukiambiwa ujitolee, kubali kwa muda uliowekwa kwenye maandishi, usiozidi miezi mitatu, ukiwa na nauli, na kabla hujaondoka omba barua inayotaja kazi ulizofanya moja baada ya nyingine.